Binamu alipima DNA, grupu ya ukoo ikawaka moto

Mwezi uliopita binamu yangu anayeishi Marekani alifanya kitu kidogo tu. Alitema mate ndani ya kichupa, akakituma kwa posta, akasubiri wiki kadhaa, kisha akaturushia picha ya majibu kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo wa baba. Duara moja la rangirangi. Kipande kikubwa kabisa kimeandikwa Afrika Mashariki. Kingine Nigeria. Kingine Iran. Halafu Arabuni kidogo, na kijipande chembamba cha India.

Grupu ilinyamaza kama dakika kumi. Halafu ikalipuka.

Ami alikuwa wa kwanza: "Si niliwaambia? Sisi ni Washirazi. Nyinyi mlikuwa mkinicheka." Shangazi akamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na ukimjua shangazi unajua hizo dakika tatu zilikuwa moto: "Mshirazi gani wewe, na bibi mzaa babako alikuwa Mgiriama wa Kilifi mwenye minazi yake?" Binamu mwingine akauliza, "Na Nigeria imetoka wapi manze? Nani alitoroka huko?" Mamangu, ambaye ni Mbukusu wa Webuye na hayumo hata kwenye hiyo grupu, nilipomwonyesha simu alicheka mpaka chai ikamwagika.

Mimi sikucheka sana. Nitakwambia kwa nini huko mbele. Kwanza nikubali kitu kimoja: mimi si mwanasayansi. Chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini nina bando na nina kichwa kigumu, na swali likinishika haliniachi. Kwa hivyo nilikaa na hiyo duara wiki nzima nikijaribu kuelewa mambo mawili. Mtu anajuaje kwa mate tu kwamba babu wa babu yako alivuka bahari? Na kati ya ami na shangazi, nani yuko sahihi?

Mtwapa si klabu pekee

Wewe ukisikia Mtwapa unafikiria Desemba, nyama choma na muziki hadi asubuhi. Sawa, hata mimi. Lakini hapohapo Mtwapa kuna mji mwingine chini ya mibuyu: kuta za matumbawe, msikiti, visima na makaburi ya watu walioishi hapo mamia ya miaka kabla yetu. Mkenya mmoja, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, ambaye ni profesa wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha South Florida kule Marekani, amefanya kazi pwani hii kwa miongo mingi. Alizungumza na wenyeji, wakakubali makaburi yachunguzwe, na mifupa ikarudishwa ardhini.

Machi 2023, yeye na wenzake, wakiwemo Esther Brielle na David Reich wa Harvard, walichapisha matokeo katika jarida la Nature. Walikuwa wamesoma DNA ya watu 80 wa zamani. Wengi walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji sita ya pwani. Kwetu Kenya ni Mtwapa, Manda na Faza. Tanzania ni Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Kisha kukawa na kijiji cha bara, Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau kule Taita Taveta.

Walichopata ni hiki. Wengi wa watu wale wa pwani, zaidi ya nusu ya DNA yao ilikuwa ya Kiafrika. Sehemu kubwa ya iliyobaki, na kwa wengine hata zaidi ya nusu, ilitoka Asia. Na hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilikuwa ya wanaume wa Uajemi, yaani Iran ya leo. Iliyobaki ilielekea India.

Nikimwona ami akisoma hapo, najua atasimama kwenye kiti. Subiri kwanza, ami. Stori haijaisha.

DNA ni kama miksi ya DJ

Hapa ndipo nilipokwama siku mbili. Walijuaje mchanganyiko ulianza lini? Mifupa haina tarehe ya harusi.

Jaribu kufikiria hivi. DJ wa kwanza ana nyimbo mbili ndefu, moja ya taarab na moja ya gengetone. Anatengeneza miksi: kipande kirefu cha taarab, kisha kipande kirefu cha gengetone. Hiyo miksi anampa DJ wa pili, ambaye anaikata na kuiunga na nyingine. Wa tatu anakata tena. Wa nne vivyo hivyo. Ukifika kwa DJ wa ishirini, taarab bado imo, lakini imebaki vipande vya sekunde chache chache, vimetawanyika miksi nzima.

Sasa, kama hukuwepo lakini umepewa miksi ya mwisho, unaweza kupima urefu wa vile vipande na kukisia imepita kwa madijei wangapi. Vipande virefu, madijei wachache. Vipande vifupi, madijei wengi.

DNA inafanya hivyohivyo. Umerithi kromosomu kutoka kwa mama na kwa baba. Mwili wako unapotengeneza yai au mbegu ya mtoto wako, zile za mama na za baba zinakatwa na kubadilishana vipande kabla ya kupitishwa. Kila kizazi ni DJ mmoja. Vipande vya Uajemi vinapungua urefu kila mara. Wanasayansi wanapima urefu wake, wanahesabu vizazi, wanazidisha kwa miaka, tuseme 28 kwa kizazi. Mtu akiwa alikufa karibu mwaka 1450, na vipande vyake vinaonyesha vizazi kama 16, basi unarudi nyuma takriban miaka 450. Unafika mwaka 1000.

Na huo ndio wakati utafiti ulioutaja: kufikia mwaka 1000 hivi, Waafrika na watu wa Asia walikuwa wameanza kuzaa pamoja pwani hii. Ni wakati uleule ambao Uislamu ulikuwa ukienea sana mijini. Tena hadi karibu mwaka 1500, upande wa Asia ulikuwa wa Uajemi zaidi. Baada ya hapo Uarabuni ukaanza kuongezeka. Ukiijua historia hushangai: Wareno walifika mwaka 1498, biashara ikapinduka, uhusiano na kusini mwa Arabuni ukakua, na mwaka 1698 Waomani wakaiteka Fort Jesus.

Kwa hivyo zile hadithi za wazee hazikuwa porojo tupu. Tarikh ya Kilwa, ile hadithi ya zamani ya mji huo, inasimulia mfalme kutoka Shiraz na wanawe sita waliokuja kwa majahazi saba, kila mmoja akashuka mahali pake. Miaka mingi baada ya uhuru, wasomi wengi waliona hiyo ni njia ya matajiri wa pwani kujipa hadhi. Majahazi saba sitayaapia. Lakini kwamba walikuja wanaume wa Uajemi wakazaa hapa, hilo sasa limeandikwa kwenye mifupa.

Hata kwenye mdomo wako limo. Bandari, serikali, nanga, pamba: maneno hayo asili yake ni Kiajemi. Kule Makunduchi, Unguja, bado wanasherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya ambao mizizi yake ni Nairuzi ya Waajemi.

Sasa shangazi naye

Kuna vipande viwili vya DNA ambavyo havikatwi na DJ. Kimoja ni DNA ya mitokondria, ambayo unarithi kwa mama pekee. Mamako aliipata kwa mamake, ambaye aliipata kwa mamake, mpaka huko. Kingine ni kromosomu Y, ambayo baba humpa mtoto wa kiume tu. Ukivisoma vyote viwili kwa mtu mmoja, unajua mama wa kale walitoka wapi na baba wa kale walitoka wapi.

Kwa watu wale wa pwani, upande wa mama karibu wote ulikuwa Afrika. Upande wa baba, Asia ilitawala.

Soma hiyo tena polepole. Hawakuja Waajemi na familia zao wakajenga Shiraz ndogo Mtwapa. Walikuja wanaume, na watoto wao wakalelewa na mama Waafrika, katika nyumba za Waafrika, kwa lugha ya Waafrika.

Linganisha na Mexico. Huko pia, wanaume walitoka ng'ambo ya bahari, Uhispania, na wanawake walikuwa wenyeji. Lakini leo wajukuu wao wengi wanaongea Kihispania, kwa sababu waliokuja walikuja kuteka. Sisi wajukuu tunaongea Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu kwa mifupa yake yote, hata kama kimevaa maneno ya Kiarabu na Kiajemi. Mtoto alishika lugha ya mamake. Kwa Kusimba na wenzake, hiyo ni dalili kwamba wageni ndio walioingia katika ukoo wa wenyeji, wakaoa kwenye familia za wafanyabiashara waliokuwa hapa tayari. DNA yenyewe haiwezi kukwambia nani alipendana na nani, wala nani alilazimishwa. Lakini lugha inakwambia nyumba ilikuwa ya nani.

Na miji? Enzi za mkoloni, vitabu viliandika kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni, kwa sababu ati Mwafrika hangeweza. Kisha mwanaakiolojia Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980. Chini ya kuta za matumbawe alikuta tabaka za karne ya nane: nyumba za udongo na makuti, na misikiti midogo ya mwanzo kabla ya ile ya mawe. Mji ulianza mdogo, ukakua papo hapo. Haukushushwa kutoka jahazini.

Kwa hivyo ami ana haki kuhusu baba. Shangazi ana haki kuhusu mama. Nilipowaandikia hivyo kwenye grupu, kila mmoja alinijibu, "Si nilisema?"

Ila kuna mambo mawili ya kuzingatia kabla hujaanza kujiita mwana wa mfalme. Makaburi mengi yaliyochunguzwa ni ya karibu na misikiti, ya watu waliokuwa na uwezo mjini. Huwezi kuchukua watu hao ukasema ndio pwani yote. Pili, wale wa zamani si nakala yetu. Waswahili wa leo waliopimwa, wengine wana urithi mwingi wa watu hao wa kale, wengine kidogo sana. Baada ya mwaka 1500 watu waliendelea kuja. Wengine waliletwa kwa minyororo kutoka bara, wakazaa, na wajukuu wao ni Waswahili kama ami.

Nigeria ilitoka wapi basi?

Hili ndilo lililomsumbua binamu yangu wa pili, na jibu lake ndilo lililonifurahisha zaidi.

Hakuna mtu aliyetoroka Lagos. Kampuni za kupima DNA hazina mashine ya kusoma ramani. Zinachukua DNA yako na kuilinganisha na watu ambao tayari wamo kwenye hifadhi yao. Kama hifadhi ina Wanigeria wengi na Wakenya wachache, kipande chako kitaandikwa jina la jirani wa karibu aliyepatikana humo. Ni kama kuingia kwenye duka la viatu lenye saizi tano pekee: utapewa inayokaribia.

Lakini kwa nini Nigeria ikaribie? Kwa sababu mababu wa wote wanaoongea lugha za Kibantu walianza safari huko, mpakani mwa Nigeria na Kamerun ya leo, miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Walisambaa na mashamba yao na lugha zao hadi huku, hadi Afrika Kusini. Walikutana na watu njiani, wakachanganyika.

Na hapa mamangu alipata zamu yake ya kujidai. Ule mradi mkubwa wa dunia wa kusoma jeni za watu, 1000 Genomes, uliokamilika mwaka 2015 ukiwa na watu 2,504 kutoka jamii 26, mojawapo ya jamii hizo ni Waluhya wa Webuye. Ndiyo, Webuye hiyo ya maporomoko ya Nabuyole. Mwanasayansi akiwa Tokyo au London anayetaka kulinganisha DNA ya Afrika Mashariki, kuna uwezekano mkubwa anatumia majirani wa kukhu wangu.

Sasa rudi Makwasinyi, kile kijiji cha Taita Taveta, kilomita kama 100 kutoka baharini. Watu waliozikwa huko hawakuwa na Asia karibu hata kidogo. Ungedhani basi hao ndio "safi". Wapi. Wenyewe walikuwa mchanganyiko wa Wabantu na wafugaji ambao mababu wao walishuka kutoka kaskazini, wakaonekana eneo la Turkana miaka kama 5,000 iliyopita. Wafugaji hao nao walikuwa wamechanganyika na wawindaji waliokuwa hapa kabla yao.

Unaweza kuwa na alama ya wafugaji hao bila kujua. Watu wengi duniani wakishakua, tumbo linakataa maziwa. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba wengi wetu Kenya na Tanzania tunaoyaweza tuna badiliko la jeni tofauti kabisa na lile la Wazungu. Lilitokea hukuhuku. Baadaye badiliko hilohilo likapatikana kwa Wanama, wafugaji wa kusini mwa Afrika. Maana yake kuna mtu alitembea na ng'ombe au kondoo wake kutoka upande wetu kuelekea kusini, yeye au wanawe, akaacha jeni huko. Hakuna kitabu kilichomwandika. Maziwa ndiyo yaliyomwandika.

"Kabla ya Mombasa?"

Nilisema nitakwambia kwa nini sikucheka.

Nilipofika miaka 18 nilienda ofisi moja ya serikali kuomba kitambulisho. Wenzangu wa darasa moja walijaza fomu, wakachukuliwa alama za vidole, wakaenda kula chipsi. Mimi karani aliangalia jina langu, akaangalia uso wangu, akauliza, "Nyinyi asili yenu ni wapi?"

Nikamwambia Mombasa.

"Kabla ya Mombasa?"

Sikuwa na jibu. Ningejibu nini? Mamangu ni Mbukusu, nimezaliwa Nairobi, babangu amezaliwa Mombasa, na babu yangu amezaliwa Mombasa kwenye mkeka, bila cheti. Niliambiwa nilete karatasi za babu. Babu alikuwa amekufa miaka sita. Tulizunguka, tukaapa, tukaleta wazee watoe ushahidi. Nilikaa miezi kumi na moja. Bila kitambulisho sikuweza kuomba mkopo wa karo. Nilianza chuo nikiwa na deni, na mwaka wa pili deni likanishinda. Siwezi kusema karani yule ndiye aliyenitoa chuo. Lakini lile swali lilinigharimu.

Sasa najua jibu lake. Kabla ya Mombasa kulikuwa na Kilifi, na Uajemi, na mpaka wa Nigeria na Kamerun, na malisho ya Turkana. Lakini nimejua pia kitu kingine: ukimuuliza karani mwenyewe "kabla ya kwenu?", na ukaendelea kuuliza, naye atafika mbali vilevile. Hakuna kijiji Kenya hii ambacho jibu linaishia kijijini. Swali si baya. Ubaya ni kuwauliza watu wachache tu.

Na wewe unayekenua meno hapo kwa sababu binamu yangu ana Iran, jihadhari. Ile duara haikupi uraia, na haiwezi kukunyima. Inaonyesha nani alikutana na nani, na takriban lini.

Kwenye grupu mambo yametulia. Ujumbe wa mwisho wa shangazi ulikuwa huu: "Haya, Waajemi na Wanigeria, Idi inakuja. Nani analeta nyama?" Ami hajajibu mpaka leo.

Mdogo wangu anafika miaka 18 mwezi ujao. Wanasema siku hizi mambo yamelegezwa, tutaona. Nimemwambia nitamsindikiza. Nimeshatoa kopi za cheti chake, cha baba, cha mama, na kile kiapo cha wazee kilichonitoa jasho, zote kwenye faili moja. Aliniuliza aseme nini wakimuuliza kabla ya Mombasa ni wapi.

Nikamwambia aseme kabla ya Mombasa ni Webuye. Ni kweli, halafu wacha waanzie hapo.